Ndekule: Nani Aliiangusha?

Kaa kijiwe chochote cha kahawa hapa Mchafukoge, itaje Ndekule, halafu sikiliza wazee wa dansi. Jibu ni lilelile: "Wanamuziki walihamahama, bwana."

Mimi jibu hilo halijaniingia akilini. Ndekule yenyewe si ilizaliwa kwa kuhama? Mwaka 1985 Hugo Kisima aliivunja Orchestra Safari Sound, akaenda kuzoa wanamuziki sita wa Mlimani Park, wakiwemo Muhiddin Maalim Gurumo na Abel Balthazar. Ndipo ikaja International Orchestra Safari Sound, wana Ndekule, na jiji likawa lao.

Sasa niambie, Sikinde iliyoporwa watu sita mbona haikufa? Iliendelea kutamba pale DDC Kariakoo, ukivuka tu Mnazi Mmoja umefika. Michael Enoch alikuwepo, na vyombo vilikuwa vya shirika, havikuondoka na mtu. Msondo hali kadhalika: tangu NUTA mwaka 1964, ikaja JUWATA, ikaja OTTU, magita yalikuwa ya chama cha wafanyakazi. Akina Bitchuka na Shaaban Dede walihama huku na huku kati ya bendi hizo mbili hadi mashabiki wakachoka kuhesabu. Zote zikadumu.

Ndekule ilikuwa ya mtu mmoja. Spika zake, gita zake, neno lake. Bendi ya hivyo haina pa kushika mwenyewe akichoka.

Lakini kuna kosa jingine, na hili wazee hawapendi kulisikia. Safari Sound ya akina Ndala Kasheba, wana Masantula, ilikuwa na ladha yake kabisa. Ladha hiyo ikatupwa ili inunuliwe ya Sikinde. Sauti zilinunulika, sikatai. Yale mazoezi ya kubishana, huyu analeta wimbo, yule anaukosoa, Enoch anaupanga upya, hayo yalibaki Mlimani. Mimi nikisikiliza Ndekule namsikia pacha wa Sikinde, pacha mzuri sana, lakini ukitaka Sikinde si utakwenda kwa Sikinde?

Gurumo alirudi Msondo, akaimba huko mpaka alipostaafu mwaka 2013. Mwaka huohuo Diamond Platnumz, kijana asiye na bendi ya mtu juu yake, akamzawadia gari. Watu wakashangilia. Mimi nilijiuliza tu: zaidi ya miaka hamsini ya kuimba, na gari anapewa na mtoto?