Baridi ya Chogoria Ndani ya Kizimba

Kinyonga wa pembe tatu hashuki ardhini kuchimba shimo la mayai. Siku ya kuzaa ikifika, jike hutembea polepole juu ya tawi, husimama, huinua mkia, na tone la ute huangukia jani lililo chini yake. Ndani ya tone hilo mna mtoto amejikunja. Ute hunata kwenye jani. Mtoto hujinyoosha, hupasua utando, hutulia kidogo kama anayejiuliza yuko wapi, kisha hukamata kijiti kwa vidole vyake na kuanza kupanda. Mama keshasogea hatua mbili tatu, na tone jingine linaanguka. Akimaliza, kichaka kina watoto 8, au 20, au 30 na zaidi, kila mmoja urefu wa njiti ya kiberiti hivi. Hakuna anayewafundisha kitu. Wanajua kushika, kupanda na kulenga mdudu.

Haya hutokea kwenye nyua za mashamba ya chai na kahawa ya mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, kutoka Manyatta na Runyenjes hadi Chuka, Chogoria na Meru. Wataalamu wanamwita Trioceros jacksonii, na aina ya Mlima Kenya, kubwa kuliko wenzake wote, ilipewa jina lake mwaka 1988: xantholophus, maneno ya Kigiriki yenye maana ya kishungi cha manjano. Dume hufikia sentimita 30 na zaidi akipimwa pamoja na mkia, na hubeba pembe tatu, moja puani na mbili juu ya macho. Msomaji wa Meru asidanganywe na jina merumontanus analoweza kulikuta vitabuni: huyo ni binamu mdogo wa Mlima Meru wa Arusha.

Watu wa miteremko hii hawakuwa na desturi ya kumfuga. Majirani zao Wakikuyu na Wakamba wanasimulia kwamba kinyonga ndiye aliyetumwa na Mungu kuwaambia watu hawatakufa, akachelewa njiani, akagugumiza, na ndege akamtangulia na habari ya kifo. Mnyama mwenye kesi kama hiyo haingizwi nyumbani. Waliomwingiza ni watu wa mbali.

Katika miaka ya 1970 vinyonga wa Kenya walisafirishwa kwa wingi kwenda Marekani na Ulaya. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama huko Kaneohe, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea shehena ya makumi kadhaa. Walifika wamekonda na wamekauka. Akawaachia bustanini wapate nafuu, nao wakapata nafuu kweli: wakapanda miti, wakatoweka, wakazaana, na leo wajukuu wao wako katika visiwa kadhaa vya Hawaii, ambako wanakula konokono na wadudu wa asili wasiopatikana kwingine duniani. Kenya ilizuia biashara hiyo mwaka 1981. Wengi wa waliofikia nyumba za wafugaji kabla ya hapo hawakuishi sana, na chanzo kilikuwa kosa moja lililotokana na nia njema: waliwekwa mahali pa joto. Afrika, mfugaji aliwaza, ni jua kali. Hakuwahi kuamka Chogoria mwezi wa Julai.

Hapo ndipo ufundi wa kumfuga ulipozaliwa, nao unastahili sifa kuliko unavyopewa. Mfugaji hodari wa Hamburg au Chicago hafugi kinyonga tu; anaijenga upya hali ya hewa ya mteremko wa mashariki wa Mlima Kenya, siku baada ya siku, ndani ya kizimba kirefu cha wavu kilichojaa mimea hai. Kioo hakifai, kwa sababu hewa hulala, na hewa iliyolala humjaza kinyonga ugonjwa wa mapafu. Mchana panatakiwa nyuzi 21 hadi 27, na taa moja pembeni ya kuotea. Usiku taa zote huzimwa na joto huachwa lishuke hadi nyuzi 16, hata 10. Mfugaji mgeni huona huruma akataka kumwashia hita. Aliyeiva katika kazi hii humfungulia dirisha.

Kisha kuna maji, na hapa uvumilivu hupimwa. Kinyonga hajui bakuli. Anaweza kufa kwa kiu hatua moja kutoka kwenye bakuli lililojaa, kwa kuwa kwake maji ni kitu kinachong'aa juu ya jani. Kwa hiyo asubuhi na jioni mfugaji huchukua pampu ndogo, akapuliza manyunyu laini kama ukungu unaoteremka kutoka msituni, na kungoja. Dakika ya kwanza mnyama hafanyi lolote. Ya pili, hufumba macho na kuyazungusha chini ya kope ayasafishe. Halafu tone moja linakusanyika kwenye ncha ya jani, jicho moja linaligeukia huku la pili likitazama nyuma, mdomo unasogea taratibu, na koo linaanza kucheza. Anayekata maji sasa kwa kuwa amechoka kusimama amemnyima nusu ya kinywaji chake. Ni kazi ya robo saa ya kusimama kimya, na hapana mashine inayojua, kama jicho linavyojua, kwamba huyu ametosheka.

Chakula ni nyenje, panzi na nzi, waliolishwa vizuri kwanza wao wenyewe, wakapakwa vumbi la kalisi. Bila kalisi, na bila taa ya urujuanimno kusimama mahali pa jua, mifupa hulainika na miguu hupinda. Lakini vitamini zikizidi, mwili wa aina hii huvimba shingoni. Mkono mwepesi unahitajika hapa, mkono wa mtu anayetia chumvi mchuzini.

Siasa za Kenya zimelichafua jina la kinyonga. Mwanasiasa anayehama chama huitwa hivyo kwa dharau. Aliyemfuga hawezi kukubali tusi hilo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, wakichunguza kinyonga wa Madagaska, walieleza jinsi rangi inavyogeuka: ngozi ina fuwele ndogo mno, na nafasi kati yake ikibadilika, mwanga unaorudi hubadilika nao. Hapo hakuna unafiki wowote, maana kinyonga hawezi kuficha hali yake. Asubuhi huwa mweusi upande unaoelekea jua, ili apate joto upesi. Akiogopa au akiugua hukolea giza. Akitulia, anarudi kijani cha jani la chai. Mfugaji husoma ngozi hiyo kila apitapo, na anajua kuna shida siku nyingi kabla mnyama hajaacha kula.

Mjusi wa Australia mwenye ulimi wa buluu, naye anazaa watoto hai, hukubali kubebwa na kula sahanini, ndiyo maana nyumba nyingi za Ulaya zinampenda. Kinyonga hataki kushikwa. Kumtunza ni kumpenda mnyama usiyemgusa, na ni aina ngumu zaidi ya utunzaji.

Embu na Meru kwenyewe sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kumweka nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS), na ni haki. Ufundi wa huku ni wa uani: kupogoa ua upande mmoja na kuuacha wa pili hadi uchipue, kutopulizia dawa kichaka ambacho hakina mazao, kumhamisha kwa fimbo badala ya kumpiga jiwe. Atakayetoka na tochi usiku huko Kianjokoma, baada ya mvua, atawaona kwa urahisi kuliko mchana, kwa sababu wakilala ngozi hupauka: hapa mmoja kwenye ncha ya tawi, mkia umezungushwa kama saa ya zamani iliyokazwa, pale mwingine, chini zaidi watoto watatu wamejipanga kwenye vijiti vyembamba. Pumzi ya mwenye tochi inatoka kama moshi. Majani yanadondosha maji. Hiyo ndiyo baridi anayoitafuta mtu wa Hamburg, anaponyanyuka kitandani saa tano za usiku na kwenda kufungua dirisha.