Kuruka si kazi, kazi ni kutua

Gurudumu la kushoto lilichomoka pale pale ndege ilipogusa ardhi. Likabingirika peke yake hatua kama kumi, likasimama ukingoni mwa jaruba, na ndege yenyewe ikawa imelala kifudifudi. Ilikuwa ndege ya povu, ya betri, haifiki hata kilo moja na nusu. Mpunga wa Mofu, kijiji cha Bonde la Kilombero, ulikuwa umeshavunwa, na mimi nikiwa nimesimama niliona shamba tambarare kama meza. Nilipoinama kuokota gurudumu ndipo nilipouona uwanja wenyewe: mashina ya mpunga yaliyokatwa kwa mundu, makavu na magumu, na kati yake nyufa za udongo mweusi ambazo kiganja kizima kinazama. Watoto walioshangilia ndege ilipopaa walikuwa sasa wanacheka mpaka machozi.

Mmoja wao akaniuliza swali lililonifanya niandike safu hii: "Anko, na zile za jeti zinatua wapi?"

Nianze na jeti yenyewe. Ya mfano, lakini si ya kuchezea. Iliyo kubwa ina urefu wa mita mbili na zaidi, na ikijazwa mafuta uzito wake unafika kilo 15 au 20. Huko Ulaya na Marekani mpaka wa kisheria ambao wapenzi wengi wa ndege hizi huujali ni kilo 25. Ndani yake mna turbini halisi. Inavuta hewa mbele, inaikandamiza, inaichoma pamoja na mafuta ya taa yaliyotiwa oili kidogo kwa ajili ya bearingi, kisha inaitemea nyuma. Kigurudumu cha ndani kinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mtu anayeirusha amesimama chini na rimoti mkononi.

Sasa piga hesabu ya kutua. Jeti ya kilo 15 inayokuja kwa mita 20 kwa sekunde, yaani kilometa 72 kwa saa, imebeba nishati ya mwendo ya jouli 3,000. Kwa lugha ya Kilombero, hilo ni gunia la mpunga la kilo 100 likidondoka kutoka juu mita tatu. Nishati hiyo yote lazima iende mahali: kwenye breki, kwenye matairi, kwenye msuguano wa hewa na ardhi. Isipopata njia hiyo itaishia kwenye miguu ya ndege, na miguu itakatika. Ndege yangu ya povu ilibeba sehemu ndogo tu ya nishati hiyo, na bado gurudumu lilikwenda zake.

Ndiyo maana jeti hutayarishwa kwa ajili ya kutua kabla haijapaa. Kwanza ni mizania. Ndege lazima iwe na kitovu cha uzito mahali pake, sentimeta chache mbele au nyuma zinaweza kuiua. Fundi makini huipima tangi kuu likiwa tupu, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa ikirudi, na huipima miguu ikiwa imeteremshwa, kwa sababu miguu inayokunjwa kwenda mbele au nyuma huhamisha uzito. Nimeona watu wakipima ndege ikiwa imejaa mafuta mezani, wakaridhika. Hao wamepima ndege ya kupaa.

Kisha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa. Vikishushwa, bawa linabeba zaidi kwa mwendo mdogo, lakini pua ya ndege nayo hubadili mwelekeo, mara inainuka, mara inazama, kutegemea ndege. Kwa hiyo rimoti hupangwa ili flapu zikishuka, vibao vya mkia navyo vijisogeze kidogo kurekebisha. Kiasi gani? Hakuna kitabu kitakachokuambia kwa uhakika. Unapanda juu, unashusha flapu kule kwenye hewa nyingi, unatazama pua inakwenda wapi, unarekebisha, unarudia. Ukisubiri kujua hilo ukiwa mita tano juu ya ardhi umechelewa. La mwisho ni mpangilio wa kupotea kwa mawimbi: rimoti ikikatika mawasiliano, turbini izimike yenyewe. Kilo 15 zinazoruka bila mwenyewe ni balaa. Zikiruka bila mwenyewe huku injini inasukuma, ni balaa zaidi.

Baada ya hapo ndipo tunafika kwenye utuaji wenyewe, na hapa jeti ina tabia mbili ambazo aliyezoea ndege ya panga, yaani propela, atajikwaa nazo. Ya kwanza, haitaki kupunguza mwendo. Panga la ndege ya kawaida likizungushwa polepole huwa kama breki mbele ya pua. Jeti haina panga, na turbini hata ikinong'ona bado inasukuma. Umbo lake limechongwa ili hewa ipite bila kizuizi. Ukiielekeza chini, inaongeza kasi tu, inapita uwanja mzima ikielea nusu mita juu ya ardhi, na kule mwisho kuna miti.

Ya pili ni uvivu wa kuamka. Injini ya panga ukiiongezea mafuta inajibu papo hapo. Turbini iliyoshuka mpaka mzunguko wa chini kabisa inahitaji sekunde tatu, nne, wakati mwingine tano kufikia nguvu kamili. Kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde, hizo ni mita 60 hadi 100 za kusubiri. Rubani anayegundua kuwa atapungukiwa na uwanja, akasukuma kijiti mbele, hapati kitu. Akivuta pua juu kwa woga, bawa linapoteza hewa na ndege inaanguka upande.

Dawa ya matatizo yote mawili ni moja, nayo mara ya kwanza inasikika kama kichekesho: ongeza ukinzani wa hewa. Shusha miguu mapema, shusha flapu zote, na kama ndege ina breki za hewa, zifungue. Sasa ndege inaburuza kiasi kwamba ili isizame lazima injini isukume kidogo. Turbini haijalala tena, iko macho, na ukihitaji nguvu inakuja haraka. Kutoka hapo rubani anashika mwendo kwa pua na anashika kiasi cha kuzama kwa injini, si kinyume chake. Magurudumu ya nyuma yanagusa kwanza, la mbele linafuata likiwa tayari, na breki zinakanyagwa baada ya hapo, si kabla.

Kuna mtego mmoja wa macho. Aliye chini anaona mwendo wa ndege dhidi ya miti na nyumba, lakini bawa linajua mwendo wa hewa tu. Ndege ikiwa inakwenda na upepo inaonekana inakimbia, rubani anapunguza, kisha anakata kona kuja kutua na bawa halina hewa ya kutosha. Hapo kwenye kona ndipo jeti nyingi huishia. Joto nalo linadai chake. Mofu iko chini, mita mia mbili na kitu juu ya usawa wa bahari, lakini mchana wa nyuzi 33 hewa imekuwa nyepesi kiasi kwamba mwendo halisi wa kutua unaongezeka karibu asilimia 5 kuliko hewa ya kawaida ya vitabuni. Mwanza, ambako Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,130 juu ya bahari, nyongeza hiyo inafika kama asilimia 10.

Basi jibu kwa yule mtoto ni kwamba hapa haitui. Inataka lami, au nyasi fupi zilizoshindiliwa, mita 100 hadi 200 bila kitu mbele wala nyuma. Bonde la Kilombero limeorodheshwa tangu 2002 kwenye Mkataba wa Ramsar kama ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, na ardhioevu ni hiyo hiyo: masika maji, kiangazi nyufa. Turbini inayonyonya vumbi na vipande vya majani haidumu. Moshi wake unatoka na joto la mamia ya nyuzi. Uweke kwenye mabua makavu ya Septemba, halafu umweleze mwenyekiti wa kijiji moto ulianzaje.

Swali la wapi pa kutua, hata hivyo, limeshajibiwa hapa nchini, na hata Rwanda, na watu waliolikuta kazini, na majibu yao yananifundisha zaidi ya jeti.

Zanzibar walianza mwaka 2016. Kamisheni ya Ardhi, kwa msaada wa Benki ya Dunia na pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, waliamua kupiga picha Unguja na Pemba kutoka angani. Walitumia eBee, ndege ya povu yenye mabawa ya chini ya mita moja na uzito wa kama gramu 700, inayorushwa kwa mkono. Haina magurudumu hata moja. Inatua kwa tumbo. Inapokaribia ardhi, kihisi kilicho chini kinapima umbali, na mota ya nyuma inazungushwa kinyume ili iwe breki. Panga lake limeshikiliwa kwa mpira tu, likigonga jiwe linajikunja badala ya kuvunjika. Hesabu ya nishati ndiyo siri yote: gramu 700 kwa mita 12 kwa sekunde ni jouli 50, sawa na dumu la lita tano la maji likidondoka kutoka juu mita moja. Povu linaweza kumeza hilo. Kwa maneno mengine, hawakutafuta uwanja mzuri, walipunguza ndege mpaka kila uwanja ukatosha. Ila ndege hiyo inabeba kamera, basi.

Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, walihitaji kubeba mzigo. Mwaka 2018 DHL, shirika la Kijerumani la GIZ, na kampuni ya Wingcopter walimaliza miezi sita ya majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani. Kilometa 60 juu ya maji, dakika 40 kwa wastani, wakati kwa barabara ni kama kilometa 240 na saa sita. Chombo chao, Parcelcopter 4.0, kina mabawa ya mita mbili na kinabeba hadi kilo 4. Kinapaa wima kama helikopta, kisha mapanga yake yanainama mbele na kinakuwa ndege. Kutua ni kurudia hayo kinyumenyume: kinapunguza mwendo, mapanga yanainuka, bawa linaacha kubeba kidogo kidogo huku mapanga yakipokea uzito. Kwa hiyo nishati ya mwendo inamalizwa juu angani kabla ya kugusa chochote. Kikifika chini hakina mwendo wa mbele wa kumaliza, na eneo kama ua wa zahanati linatosha.

Bei yake ipo. Kuning'inia hewani kunakula betri kuliko kuruka kwa bawa, na hewa nyepesi ya ziwani inaongeza bili hiyo. Yale mabawa ya mita mbili, chombo kikiwa kimening'inia, yanakuwa tanga la upepo wa ziwa. Pia kila kitu cha kuinamisha mapanga ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Katika majaribio yote waliruka jumla ya kilometa 2,200, ambazo kwa njia ile ni safari chini ya 40 za upande mmoja. Ni ushahidi mzuri, lakini si huduma.

Kampuni ya Zipline kule Muhanga, Rwanda, nayo mwaka 2016 ilichukua njia ya tatu: ndege haitui kabisa kule inakopeleka. Inaangusha damu kwa parachuti ya karatasi na kurudi kituoni, ambako kindoano kidogo mkiani kinanaswa na kamba. Uwanja mmoja tu unatengenezwa, nyumbani, na zahanati haihitaji hata nyasi fupi. Tatizo ni moja: kwa njia hiyo zahanati inapokea, haitumi. Sampuli ya damu ya mgonjwa wa Mofu haiwezi kurushwa kwa parachuti kwenda mjini Ifakara.

Kwa Mofu basi mimi nachagua njia ya Ukerewe, pamoja na bili yake ya betri. Zahanati ya bondeni wakati wa masika inahitaji kutuma kama inavyohitaji kupokea, na hakuna mtu atakayeshindilia mita 150 za udongo mfinyanzi ambao Aprili utakuwa chini ya maji. Jeti ibaki kwenye lami, na nitasafiri kwa furaha kwenda kuitazama.

Na wewe unayewaza kununua hata ile ndogo ya povu: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, ni lazima chini ya kanuni za ndege zisizo na rubani. Kipate kwanza. Halafu utembee uwanja wako mzima kwa miguu, ukiwa umeinama.