Mafundi wa Tachi

Simu ikidondoka na kupasuka kioo mjini Bukoba, fundi hatafutwi mbali. Vibanda vimejaa karibu na soko kuu na stendi, na wateja wa Muleba hufika na simu zao zimefungwa kwa mpira au gundi ya karatasi. Wengi hudhani kazi ni kubandua na kubandika. Kumbe ugumu uko kwenye kuchagua.

Tachi, yaani vioo vya kugusa, mbili zaweza kulingana kwa kila kitu: upana, kona, tundu la kamera, hata mkanda wa nyaya. Lakini kwenye simu nyingi za bei nafuu, juu ya mkanda huo kuna chipu nyeusi, ndogo kama punje ya hindi, nayo ndiyo inayosoma kidole. Ndani ya kioo zimetandazwa njia za umeme zisizoonekana, za oksidi ya indiamu na bati. Kidole kikigusa, chaji hubadilika kidogo sana, na chipu huzikagua njia zote makumi ya mara kwa sekunde kutafuta badiliko hilo. Simu za toleo moja zaweza kutoka kiwandani hii ikiwa na chipu ya Goodix, ile ya FocalTech. Programu ya simu isipoitambua chipu iliyowekwa, picha itaonekana vizuri kabisa, lakini ukigusa, kimya.

Kwa hiyo fundi hodari huing'oa tachi mbovu kwa upole uleule anaoutumia kuitia mpya. Huinamisha mkanda kwenye taa, akasoma maandishi ya mgongoni mwa chipu, ndipo aagize. Mzigo mara nyingi hutoka Kariakoo, Dar es Salaam, karibu kilomita 1,400.

Mzigo ukifika, fundi habandiki kwanza. Huchomeka mkanda, akashika alama moja ya programu na kuiburuta polepole toka ukingo hadi ukingo. Ikiponyoka mahali palepale kila mara, hapo pamekufa. Kisha huchomeka chaja, maana umeme mchafu wa chaja duni huifanya simu ijibonyeze yenyewe. Hatua hii wavivu huiruka, na ndiyo inayowatofautisha mafundi.

Adui mwingine wa tachi ni maji. Mhandisi E. A. Johnson alipoandika juu ya kioo cha kugusa mwaka 1965, aliwafikiria waongoza ndege wa Uingereza, watu wa chumba kikavu. Bukoba hunyeshewa takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mvuvi wa kisiwa cha Bumbire hupokea simu mikono ikiwa na maji na magamba ya sangara. Tachi za zamani za kubonyeza zilimvumilia, kwani zilitaka mgandamizo tu, hata wa ukucha. Za sasa huweza kulidhani tone la maji kuwa kidole, na chipu dhaifu hushindwa kabisa kutofautisha.

Basi fundi akikuambia, “Subiri, hii siyo yake,” usinune wala usihamie kibanda cha pili. Mwache aagize iliyo yake, na umlipe ufundi wake kama unavyolipia kioo.