Kizuri Chajiuza? Makambako na Lugha ya Vivutio

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo yatosha kwa embe na kwa kitambaa, kwa sababu mnunuzi amesimama mbele ya bidhaa na macho anayo. Kwa mji haitoshi. Mji hauwezi kujiuza kwa mtu asiyepata kuufika, na mtu huyo hana cha kutegemea ila maneno ya waliotangulia. Hapo ndipo inapoanza kazi ya uhakiki: maneno hayo ni ya nani, yanaonyesha nini na yanaficha nini?

Ipo aina ya maandishi ambayo kwa miaka mingi imeshika kurasa za safari katika magazeti na vijitabu vya wageni, nayo hujitambulisha kwa vichwa vya “vivutio visivyojulikana” na “matembezi ya siku moja”. Imelelewa na miji ya Ulaya kama Edinburgh na Glasgow, ambako msafiri aenda kupumzika siku mbili tatu, na baada ya kuiona ngome na makumbusho hutafuta pahala penye watu wachache. Aina hiyo imefika kwetu na kuvishwa Kiswahili, lakini vazi halikuikaa vyema. Kila mlima una “mandhari ya kuvutia”, kila mto una “maporomoko ya aina yake”, kila kabila lina “ukarimu wa asili”. Ukiyabadili majina tu, makala ya Njombe yaweza kuwa ya Lushoto, na ya Lushoto yakawa ya Bukoba, pasi na msomaji kushtuka.

Makambako ni kipimo kizuri cha lugha hii. Mji huu wa Mkoa wa Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, umekaa penye njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana hapo na barabara iendayo Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA nayo yapita papo hapo. Wanaopita ni wengi mno, wanaokaa ni haba. Katika kinywa cha msafiri, Makambako ni pale basi linaposimama, upepo ukamkumbusha abiria wa pwani kwamba hakuchukua sweta. Kitenzi chake ni “kupitia”. Mji uliofungwa ndani ya kitenzi kimoja una haja ya mwandishi kuliko mji wowote wenye ngome.

Kwamba maneno yaweza kuugeuza mji au nchi, hilo halina ubishi. Mwaka 1810 Walter Scott, mzaliwa wa Edinburgh, alichapisha utenzi wake wa The Lady of the Lake, ambao mandhari yake ni ziwa la Loch Katrine katika milima ya Uskoti. Kabla ya hapo wageni wa ziwa hilo hawakuwa wengi. Baada ya kitabu kutoka, walimiminika kwa magari ya farasi, kila mmoja akitaka kukiona kwa macho kisiwa alichokisoma. Hata leo ziwa hilo ni tembezi la siku moja kwa mtu aliyefikia Glasgow au Edinburgh. Washairi wanaolalamika kwamba ushairi hauna faida wangeyatazama magari yale.

Lakini kisa hicho kina upande wa pili, nao ndio unaostahili kukumbukwa zaidi. Katika zama zile zile wenyeji wa milima ya Uskoti walikuwa wakifukuzwa katika mashamba yao na mabwana wa ardhi ili nafasi ipatikane ya kufuga kondoo. Mwaka 1814, katika bonde la Strathnaver, nyumba za wakulima zilitiwa moto. Watu hao walisema Kigaeli. Scott aliandika kwa Kiingereza. Msomaji wa London alijifunza kuipenda milima ile wakati watu wake wanapunguzwa, na huenda aliipenda zaidi kwa kuwa imetulia. Si haki kumbebesha mshairi dhambi ya mabwana wa ardhi. Ni haki, hata hivyo, kuuliza kama sifa ya mahali yaweza kuwa pazia. Sifa inayoanza na mlima na kumalizia na mlima, bila ya mtu, imekwisha kumfukuza mtu katika karatasi.

Kwa kipimo hicho na yatazamwe matembezi matatu ambayo mtu aliyefikia Makambako aweza kuyafanya.

La kwanza ni la reli. TAZARA ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976, nayo ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kipande kigumu kuliko vyote ni kile kinachopanda kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, hadi Makambako. Sehemu kubwa ya mahandaki ya reli nzima imo humo, pamoja na daraja refu la mto Mpanga. Lugha ya vivutio husema hapa pana “mandhari ya kupendeza kutoka dirishani”. Kweli yapo. Ila mlima haukujitoboa wenyewe. Waliutoboa maelfu kwa maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina, na zaidi ya Wachina 60 walipoteza roho zao katika ujenzi, wengine wakazikwa Gongo la Mboto. Abiria anayeingia katika giza la handaki bila ya kuambiwa hayo amenyimwa nusu ya safari aliyoilipia nauli.

La pili ni la Njombe, kiasi cha kilomita 60 kwa barabara ya lami. Msafiri hupokewa na misitu iliyonyooka mistari, akadhani ameona msitu wa asili. Mingi kati ya miti hiyo ni ya kupandwa. Miwati, mti wa asili ya Australia ambao magome yake hutoa dawa ya kusindika ngozi, ilipandwa kwa wingi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 chini ya shirika la maendeleo la serikali ya kikoloni ya Uingereza. Kuiita “misitu asilia” ni kosa la mimea na ni kosa la historia kwa pamoja, kwani kunaifuta siku ambayo ardhi ile ilipangiwa kazi mpya.

Karibu na mji wa Njombe yapo maporomoko ambayo ramani huyaandika kwa jina la mto Ruhuji na wenyeji huyaita Luhuji. Tofauti ya herufi moja si jambo dogo kwa msomaji wa mashairi, ambaye kwa kina kimoja kilichokosewa hulitupa shairi zima. Anayelisahihisha jina la mtu wa Njombe midomoni mwake, kisha akamsifu kwa ukarimu, hajamsikiliza.

Katika wilaya hiyo hiyo pana Yakobi, kituo cha misheni ya Kilutheri ambacho mwezi Septemba mwaka 1905, katika Vita vya Maji Maji, kilishambuliwa na Wabena chini ya mtemi Mbeyela. Shambulio lilirudishwa nyuma. Baada ya vita Wajerumani waliteketeza vyakula na mashamba ya nyanda za kusini, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Pwani inavijua vita hivi kwa utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Jirani wa Wabena, Mkwawa wa Wahehe, alipata tamthilia ya Kiswahili mwaka 1979 kwa kalamu ya Mulokozi, Mukwava wa Uhehe. Jina la Mbeyela halijapata kuzoeleka katika fasihi inayosomwa visiwani. Kijitabu kinachompeleka mgeni kwenye maporomoko na kumpitisha mbali na Yakobi kimechagua maji yasiyouliza swali.

Tembezi la tatu ni Kitulo, na hapa yapasa kusema kweli: siku moja haitoshi. Uwanda ule ulio juu ya mita 2,500, wenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 413 kama hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, huchanua maua katika miezi ya mvua, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Zimehesabiwa humo aina 45 za okidi. Jina hilo la wenyeji ni ushairi uliokamilika, na lugha ya vivutio imefanya vyema kulichukua. Iliyoacha ni habari ya viazi vya okidi hizo, ambavyo vilichimbwa kwa wingi na kuvushwa kwenda Zambia kuwa chakula, biashara ambayo ilikuwa miongoni mwa sababu za kuuhifadhi uwanda. Ua linalopigwa picha lilikuwa mboga ya mtu mmoja na ada ya shule ya mwana wa mtu mwingine. Habari hiyo hailipunguzi ua uzuri. Humfanya mtazamaji asidhani kwamba yeye ndiye wa kwanza kulithamini.

Itasemwa kwamba mgeni wa siku moja hataki mzigo wa historia, ataka kupumzika. Hoja hiyo ina uzito, kwani kijitabu kisicho na furaha hakisomwi, na mji usiotajwa hapana anayelala humo wala kununua viazi vyake. Lakini Kiswahili hakikulazimika kuiga. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha huko Göttingen mkusanyiko wa Safari za Wasuaheli, habari za safari zilizosimuliwa na watu wa pwani wenyewe, miongoni mwao Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo aliyeeleza Udoe na Uzigua. Habari hizo zina kasoro zake, na ziliagizwa na Mjerumani kwa haja zake. Hata hivyo zina kitu kilichopotea: msafiri anayeuliza watu wanakula nini, wanazikana vipi, wanaogopa nini. Nathari ya safari ilikuwa nayo lugha hii zaidi ya karne moja iliyopita, kabla ya “vivutio lukuki”.

Na njia ya nyanda hizo haikuwa ngeni kwa visiwa. Mwaka 1879 Keith Johnston, mchora ramani mzaliwa wa Edinburgh, alifariki Behobeho akiongoza msafara wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, na Mskoti mwenzake kijana, Joseph Thomson, akauendeleza kupitia Uhehe na Ubena hadi Ziwa Nyasa. Mnyapara wa msafara ule alikuwa Chuma, yule aliyesaidia kuuleta pwani mwili wa Livingstone, na wapagazi wengi waliajiriwa Unguja. Thomson alitoa kitabu mwaka 1881. Safu ya milima iliyo juu ya ziwa ikabaki katika ramani na jina la Livingstone. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882, na hapana kilima kinachoitwa kwa jina lake. Watu wa visiwa waliiona Ubena kwa nyayo zao. Wasichokuwa nacho ni wa kuwaandikia.

Kwa hiyo lawama haiishii kwa waandishi wa vijitabu. Msomaji wa visiwani huudhika, na ana haki, anaposoma kwamba Zanzibar ni fukwe na karafuu tu, kana kwamba Makunduchi na Micheweni hazina watu. Lakini msomaji huyo huyo ana neno moja, “bara”, ambalo kwalo huwameza Wabena, Wakinga, Wahehe na Wapangwa kwa pamoja, kisha huuliza huko kuna nini. “Bara” lisilo na majina na “kivutio kisichojulikana” ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanadai kwamba kilicho mbali na macho ya msemaji hakina anayekijua.

Maji ya Luhuji, baada ya kuporomoka Njombe, hushuka hadi Kilombero, Kilombero ukaungana na Rufiji, na Rufiji ukamwaga baharini mkabala na Mafia. Katika delta ile, kwa maji hayo yaliyochanganyika na chumvi, ilikua mikoko iliyokatwa boriti na kupakiwa majahazini kuja Unguja na kwenda Arabuni. Chini ya boriti kama hizo, katika nyumba za Mji Mkongwe, watu walilala, walisali, walitunga mashairi. Anayetaka kuiandika Makambako na jirani zake kwa msomaji wa pwani na aanze na dari iliyo juu ya kichwa cha msomaji huyo, kisha aufuate mto kwenda juu.