Kiuno Hakipimwi Shingoni

Pale Karume, Ilala, kwenye meza za mitumba, hakuna chumba cha kujaribia nguo. Kuna rundo, kuna muuzaji aliyesimama juu ya meza akipiga makofi, na kuna shingo yako. Unachukua suruali, unafunga kifungo, unazungusha kiuno chake shingoni. Ncha mbili zikikutana kisogoni, muuzaji ameshamaliza kazi: "Hiyo yako, dada, usiiache." Nimeona watu wakinunua hivyo tangu nikiwa mdogo, na wengi suruali ziliwakaa vizuri, kwa hiyo siicheki njia hii. Ina hesabu yake. Suruali iliyofungwa kifungo ukiilaza bapa, upana wake ni nusu ya kiuno, na kwa watu wengi shingo nayo ni karibu nusu ya kiuno.

Shida inatupata sisi ambao hatumo katika hao wengi. Shingo yangu ni inchi 13, kiuno 28, nyonga 42. Suruali ambayo shingo yangu inaipitisha, mapaja yanaikataa kabla haijafika nusu ya safari. Umbo la namba nane limesifiwa sana mtaani na kwenye nyimbo, lakini nadhani waliolisifu hawakuwahi kulitafutia suruali ya ofisini.

Tuiweke hesabu wazi, maana kila kilichofuata kimetoka hapa. Kati ya kiuno changu na nyonga kuna tofauti ya inchi 14. Majedwali mengi ya viwandani huacha inchi 9 au 10. Nikinunua kwa kufuata kiuno, suruali haipandi. Nikinunua kwa kufuata nyonga, inapanda, inafunga, halafu nyuma inabaki na mdomo wazi kama mfuko wa shati. Ukiinama kuokota chenji kwenye daladala, abiria wa kiti cha nyuma wanajua umevaa nini ndani.

Hayo majedwali yana historia, na historia hiyo ndiyo inayofika bandarini ndani ya belo la mitumba. Mwaka 1939 na 1940 serikali ya Marekani, kupitia ofisi ya uchumi wa nyumbani ya Wizara ya Kilimo, iliwapima wanawake wapatao 15,000, kila mmoja vipimo 59. Kazi hiyo iliongozwa na Ruth O'Brien na William Shelton, na ripoti ikatoka mwaka 1941. Ilikuwa kazi kubwa na ya makini, ila wanawake wasio Wazungu, hata waliokwisha kupimwa, waliondolewa kwenye hesabu. Mwaka 1958 takwimu zile zikatumika kutoa kiwango cha saizi za nguo za kike, na humo kulikuwa na jambo ambalo hadi leo linanisikitisha kwa uzuri wake: baada ya namba ya saizi uliweza kukuta alama ya kujumlisha kwa mwenye nyonga pana, au ya kutoa kwa mwenye nyonga nyembamba. Yaani kwenye karatasi mtu kama mimi alikuwepo! Lakini kila alama ni shehena nyingine ya kushona na kuweka ghalani, na kiwango chenyewe kilifutwa mwaka 1983. Tangu hapo kila kampuni inajipangia. Namba 12 ya huyu si 12 ya yule, na ndiyo sababu siku hizi lebo ya saizi naisoma mwisho kabisa, baada ya kutazama kama zipu ni nzima.

Sasa tuje kwenye suruali yenyewe. Zilikuwa mbili.

Ya kwanza niliipeleka kwa fundi mmoja jirani na kazini. Nikamwambia, "Nipunguzie kiuno." Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kwa sababu nilimpa dawa kabla hajaona ugonjwa. Naye akafanya alichoambiwa: akabana pembeni kulia na kushoto, inchi mbili kila upande, kuanzia juu na kuishia ghafla inchi tatu chini. Akapitisha ovaloki, kitambaa kilichozidi kikaenda kwenye takataka. Nilipovaa, kiuno kilikaa, lakini pembeni palitokea vipembe viwili, kama nimeficha maandazi. Mifuko ya mbele, ambayo mdomo wake huanzia kwenye mshono wa pembeni, ikavutwa ikabaki imeachama. Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimekatwa, hapakuwa na njia ya kurudi.

Ya pili niliipata Karume kwa shilingi elfu kumi na mbili, bluu iliyokolea, kitambaa kizito kinacholala vizuri. Safari hii nilikwenda na futi. Kiuno inchi 33, nyonga 44, urefu umenizidi inchi 4. Nikaigeuza ndani nje palepale mezani, muuzaji akinitazama kama mkaguzi wa mapato. Nilikuwa natafuta akiba ya mshono. Suruali za kiume za heshima huwa na akiba nono katika mshono wa katikati nyuma, na bendi yake imeungwa hapohapo, kwa makusudi, mwenye nayo akinenepa au kukonda fundi apate pa kushika. Za kike nyingi hazina: bendi ni kipande kimoja kizima na mishono imenyolewa hadi ukingoni. Hii ilikuwa ya kike, lakini mshono wa ndani wa miguu ulikuwa na akiba ya kutosha, nikainunua.

Fundi niliyempelekea ni mzee mwenye cherehani ya miguu, aliyejifunza kazi kwa kushona kanzu kabla hajaanza kushona suruali. Hilo lilikuja kuwa na maana.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Umeleta mgonjwa?"

Nikamweleza. Hakuchukua futi. Alinipa kipande cha uzi mnene nijifunge kiunoni juu ya blauzi, kisha akaniambia niinamie upande mmoja. Uzi ukapanda wenyewe hadi pale mwili unapokunjika. "Hapo ndipo kiuno chako," akasema. Palikuwa juu zaidi ya nilipodhani. Kisha akapima kushuka kutoka kwenye uzi hadi sehemu pana kuliko zote: inchi 8. Namba hiyo fundi wa kwanza hakuitafuta, na ndiyo iliyomfunga. Mwili wangu unachukua inchi 8 kutoka wembamba hadi upana, yeye alitaka kitambaa kifanye safari hiyo kwa inchi 3.

Halafu akanivalisha suruali, akavuta kigoda.

"Kaa."

Nikakaa.

"Sasa chuchumaa."

Hapo ndipo tulipogundua kwamba kiuno hakikuwa shida peke yake. Nyuma suruali ilipwaya, lakini chini, pale miguu inapoachana, ilibana hadi mikunjo ikatokea kama miale kuelekea mapajani. Mikunjo ya namna hiyo ni ramani. Inaelekeza kidole mahali kitambaa kinapoombwa na hakipo. Mikunjo inayolala na kulegea, kama ile ya mgongoni, inaonyesha mahali kimejaa. Suruali moja, kosa la aina mbili, na fundi anayejua kubana tu angetibu moja na kulizidisha la pili.

Kutoka inchi 33 hadi 29, nikiachiwa inchi moja ya kupumulia, kulikuwa na inchi 4 za kuondoa. Mzee alizigawa. Inchi 2 zilitoka katikati nyuma, moja kila upande wa mshono. Hakuzidisha hapo, kwa sababu ukipita kiasi hicho mifuko ya nyuma inasogeleana na kuanza kuoneana haya. Inchi 1 ilitoka kwenye dati mbili za nyuma, ile mikunjo iliyoshonwa kutoka kiunoni na kuchongoka kuelekea makalioni, nusu inchi kila moja. Inchi 1 ya mwisho ilitoka pembeni, nusu kulia na nusu kushoto, lakini aliitoa upande wa kipande cha nyuma peke yake. Kipande cha mbele hakukigusa kabisa. Mifuko ikabaki imefumba midomo.

Kuligawa punguzo mara tano badala ya mara mbili ndiko kulikoondoa vile vipembe. Hakuna mshono hata mmoja uliobebeshwa mzigo mkubwa. Na mstari wa katikati nyuma aliouchora kwa chaki ulianza inchi moja ndani pale juu, ukafifia taratibu kwa inchi 7 hadi ukapotea ndani ya mpindo wa makalio. Aliuchora kwa mkono, bila rula, akiutazama mgongo wangu badala ya kitambaa.

Bendi ilimchukua muda kuliko yote. Aliifumua yote kwa wembe. Bendi ya kiwandani mara nyingi ni utepe ulionyooka, na utepe ulionyooka ukiufunga kwenye kitu kilicho chembamba juu na kipana chini, kama chungu shingoni, ukingo wa juu unabaki hewani. Ndiyo maana hata ukifunga mkanda, suruali inakunjamana tu nyuma lakini bado inaachia mwanya. Mzee aliikata bendi katikati nyuma, akaiunga tena kwa mshono wa mshazari: ukingo wa juu ulipoteza nusu inchi zaidi ya ukingo wa chini. Nusu inchi tu, kwenye bendi yenye upana wa inchi moja na nusu. Lakini utepe ukawa umepinda, na uliopinda unaegemea mwilini. Katika kazi nzima, kama ningeruhusiwa kubaki na jambo moja tu, ningebaki na hilo.

Kisha akageukia kule kunakobana, na hapo ndipo kanzu ilipoingia.

Kanzu ya asili ya pwani haikukatwa kwa kufuata umbo la mtu. Ina badani, vile vipande virefu vya mbele na nyuma vilivyonyooka. Upana wa kutembea unaongezwa na taharizi, vipande vya ubavuni vinavyoanza vyembamba kwapani na kupanuka kuelekea chini. Na pale mkono unapokutana na mwili panawekwa kikwapa, kipande kidogo ambacho mvaaji hakioni lakini ndicho kinachomruhusu kuinua mikono kwa takbiri bila kanzu nzima kupanda nayo. Hesabu yote ni ya kuongeza kitambaa mahali mwili unapojongea. Watu warefu, wanene, wenye vifua vipana, wote wamevaa kanzu hizo wakapendeza, na hakuna aliyeambiwa kwamba umbo lake lina kasoro.

Mzee alikata inchi 3 kutoka chini ya kila mguu, katika zile 4 zilizokuwa zimenizidi. Kutoka kwenye utepe mmojawapo uliokatwa miguuni akatoa mraba wa inchi 3. Akafumua pale mishono minne inapokutana, akaulaza ule mraba kama almasi: pembe mbili zikielekea miguuni, moja mbele, moja nyuma. Ukiondoa akiba ya mshono, toka pembe hadi pembe inabaki kama inchi 3 hivi. Na kwa kuwa mraba umelala kama almasi, miguu inapopanuka kitambaa kinavutwa mshazari, na kitambaa chochote cha kufumwa kikivutwa mshazari huachia kidogo. Chini ya hapo akaachia mshono wa ndani robo inchi kila upande kwa kula ile akiba niliyoiona sokoni. "Nimekuwekea kikwapa," akasema, kana kwamba kikwapa kukaa mapajani ni jambo la kawaida.

Kwa hiyo kitambaa kilichonizidi chini ndicho kilichokwenda kujaza pengo la juu. Saizi niliyokuwa nikiitafuta miaka yote ilikuwemo ndani ya suruali ileile. Ilikuwa imewekwa mahali pasipo pake.

Kuna wenzangu wataniuliza kwa nini nisivae dera nikamaliza. Ninalivaa, na siku za joto la Februari silibadilishi na chochote. Lakini dera linaukwepa mwili, na kuna siku mtu anataka kuingia kwenye kikao akiwa na kiuno chake.

Je, imekaa bila dosari? Hapana. Kwa kuwa punguzo lote limetoka nyuma, mshono wa pembeni umevutwa kidogo kuelekea mgongoni pale juu, kama nusu inchi; mtu mwenye jicho la ushonaji akinitazama ubavuni ataliona. Mifuko ya nyuma imekaribiana zaidi ya mwanzo. Ufundi ulinigharimu elfu kumi na tano, zaidi ya bei ya suruali, na nilirudi mara mbili kwa sababu mzee alikataa kukata kitambaa kilichozidi hadi niivae siku nzima na kuifua mara moja.

Niliporudi mara ya pili nilidhani sasa atapitisha mkasi. Akaigeuza, akatazama ndani, akaikagua mishono kwa kidole gumba, kisha akavipiga pasi vile vitambaa vilivyozidi vilale kila kimoja upande wake, akavishikiza kwa mkono na uzi mrefu mrefu. Kipande cha utepe kilichosalia akakikunja akakitia mfukoni mwa suruali.

"Hukati, fundi?"

"Kwani umeshaacha kula wali?"

Nikalipa.