Banyani Hana Jina

Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Shuleni tulifundishwa kuwa methali hii inatuonya tusimdharau mtu ambaye kesho tutamhitaji. Sawa. Mimi kinachonikera ni jambo jingine: ndani ya methali Mhindi ana ubaya, ana kiatu, na hata kiatu chake kina kazi, lakini yeye mwenyewe hana jina. "Banyani" lina asili ya neno la Kigujarati, vaniyo, yaani mfanyabiashara. Tumemwita mtu kwa shughuli yake tukaona inatosha.

Kwetu Pemba jambo hili lina uzito wa pekee. Kabla ya Mapinduzi, wenye mikarafuu wengi walikuwa wakikopa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na rehani ilikuwa shamba au karafuu ambazo bado ziko mtini. Wafanyabiashara hao waliweka hesabu zao kwa Kigujarati. Kwa hiyo Kombo, Faki na Mwanaidi waliandikwa kwa majina yao katika daftari la Mhindi, ilhali yeye, vinywani mwao, alikuwa Banyani tu. Deni lilijua majina ya upande mmoja.

Ndiyo maana naona Adam Shafi alifanya kubwa kuliko tunavyomsifia. Wengi wetu tuliisoma Vuta N'kuvute (1999) Kidato cha Tano na Sita, na swali la majina ya wahusika tulilijibu kwa haraka: Yasmin ni ua, basi ni mrembo. Jibu hilo linaishia mlangoni.

Ua gani? Neno ni la Kiajemi, na Waislamu wa India wakalifanya jina la binti. Lakini Kiswahili nacho kinalo: yasmini, au asumini kama wengi wetu tunavyotamka, maua yale yale yanayotungwa kwenye uzi siku za harusi Chake na Wete. Kwa hiyo Yasmin anapomkimbia mumewe na kupokewa Ng'ambo na Mwajuma, haingii na jina geni. Limekwisha kuwamo katika lugha ya mwenyeji wake. Mwajuma naye ni mtoto wa Ijumaa, jina lililotokana na kalenda. (Wahindu wa Kigujarati nao hutazama nyota: herufi ya mwanzo ya jina hutokana na buruji ya mtoto, na anayelitangaza jina ni shangazi, dada wa baba. Sisi tunaojua somo na shangazi wana kazi gani katika maisha ya msichana hatuwezi kusema hayo ni mambo ya mbali.)

Mume anaitwa Raza. Hapa ndipo riwaya inapouma. Raza ni ridha ya Kiarabu iliyopita kwenye matamshi ya Kiajemi, na kwetu mzizi huo umezaa radhi, kuridhika, kuridhia. Ndoa ya binti mdogo na mtu wa makamo ya babake ina ridha kwenye jina la bwana harusi na haina ridha ya bibi harusi. Wazazi waliridhia. Sijui kama mwandishi alikusudia, wala sina haja ya kujua. Lugha imekusudia kwa niaba yake.

Kisha yupo mjomba, Gulam, anayemfukuza mpwa wake kwa sababu ya kuchanganyika na Waafrika. Ghulam kwa Kiarabu ni kijana, mtumishi, hata mtumwa. Waislamu wa India hulitumia kama sehemu ya jina, Gulamhussein, mtumishi wa Hussein. Na tusi ambalo Wahindi wabaguzi wa Afrika Mashariki walimtupia Mwafrika ni "golo", yaani mtumwa. Mtu aliyebeba utumwa katika jina lake kama heshima anautumia utumwa huo huo kumtukana jirani! Hakuna ukurasa wa mwongozo wa mtihani unaoweza kueleza ubaguzi kwa ufupi namna hiyo.

Nina malalamiko. Ningetamani kusikia zaidi jinsi watu hawa wanavyoitana ndani ya nyumba zao, zile bhai na ben, kaka na dada, zinazogandishwa mwisho wa jina. Shafi anatuonyesha vizuri Mhindi anavyobagua kuliko anavyobembeleza, na Raza anabaki na jina zito na nafasi finyu.

Hata hivyo, msomaji wa visiwani hawezi kulipuuza neno radhi. Riwaya inasimulia miaka ya 1950, lakini imechapishwa baada ya 1970, mwaka ambao wasichana wa Zanzibar wenye asili ya Kiajemi walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa Baraza la Mapinduzi. Hoja iliyotolewa ilikuwa kuchanganya damu na kuvunja ubaguzi. Shafi naye anataka watu wachanganyike, tena kwa moyo wote. Lakini Yasmin wake anavuka kwa miguu yake mwenyewe: anampenda Denge bila kuamriwa, na mwishowe anaolewa na Bukheti kwa hiari. Anayesoma mapenzi hayo kama kisa cha kusisimua tu hajajua yanajibu nini.

Filamu iliyotokana na riwaya, ya mwaka 2021, imeongozwa na Amil Shivji. Shivji ni Shiva, mungu wa Wahindu, pamoja na ji ya heshima, ile ile iliyomo katika Premji na Jivanjee. Majina ya namna hiyo yamebaki hata katika koo za Kihindi zilizosilimu karne nyingi zilizopita, na yakaja nazo pwani hii. Filamu ikimalizika watu huinuka kabla majina hayajapita yote. Mngekaa mkayasoma.