Ramani Ileile, Bei Mpya

Mtu akitaka kuitukana gemu siku hizi hasemi ni mbovu. Anasema, "Hiyo ni DLC tu." Kwa wasiocheza: DLC ni nyongeza ya kulipia, kipande ambacho kampuni hukuuzia baadaye ili gemu uliyo nayo irefuke kidogo. Kuiita sehemu ya pili DLC ni kusema umeuziwa chapati ya jana, imepashwa moto, kwa bei ya leo. The Legend of Zelda: Tears of the Kingdom imerushiwa tusi hilo tangu ilipotoka tarehe 12 Mei 2023, na mimi nimekaa nalo kichwani muda mrefu kuliko inavyomfaa mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Kesi yenyewe si ya kubuni. Gemu iliyotangulia, Breath of the Wild, ilitoka Machi 2017. Ilikuwa na ufalme mmoja mpana, Hyrule, na kijana mmoja asiyesema, Link, anayeamka baada ya miaka mia moja bila kumbukumbu wala shati. Sehemu ya pili inarudi Hyrule hiyohiyo. Milima ni ileile, vijiji ni vilevile, hata sauti ya sufuria Link akipika ni ileile. Eiji Aonuma, mtayarishaji wa mfululizo huu, alishasema wazi kwamba mwanzoni walikuwa wanakusanya mawazo ya DLC, yakawa mengi kupita kiasi, ndipo wakaamua kutengeneza gemu nzima. Kwa hiyo wanaoshtaki wamepata ushahidi kutoka kinywani mwa mshtakiwa. Halafu kuna bei. Dola 70, wakati tulikuwa tumezoea gemu kubwa za Nintendo kwenye Switch kuwa dola 60, na nyongeza rasmi ya Breath of the Wild, vifurushi viwili pamoja, iliuzwa dola 20. Dola 70 wakati huo zilikuwa zaidi ya shilingi 9,000. Kuna watu Nairobi hii wanalala mwezi mzima kwa pesa hiyo.

Basi, je, ni DLC? Mimi nasema si DLC, lakini sababu ambazo mashabiki hutoa hazinishawishi. Wao huanza kuhesabu. Mahekalu madogo yalikuwa 120, sasa ni 152. Wale viumbe wa msituni, Korok, walikuwa na mbegu 900 za kutafuta, sasa ni 1,000. Hesabu hiyo inawasaidia wapinzani, maana kuongeza idadi ndiyo kazi ya DLC. Ukiniongezea mahekalu 32 umeniongezea kazi ya nyumbani, si kingine.

Ramani si gemu. Gemu ni yale maswali ambayo ramani inakuuliza. Chukua mlima wowote. Katika Breath of the Wild mlima ulikuuliza una pumzi kiasi gani. Ulipanda kwa mikono, duara la pumzi likipungua, na mvua ikinyesha unateleza hadi utoe machozi. Nusu ya utamu wa gemu ile ulikuwa hapo, kuning'inia kwenye jiwe ukisubiri mawingu yapite. Sasa katika Tears of the Kingdom Link amepewa uwezo unaoitwa Ascend: ukisimama chini ya dari yoyote iliyo karibu, unaogelea ndani ya mwamba hadi unatokea juu yake. Uwezo huu ulianza kama njia ya mkato ya watengenezaji wenyewe, waliochoka kutembea kutoka mapangoni kila walipokuwa wakijaribu gemu, wakaona mbona tusiwape wachezaji pia. Mlima haujasogea hata inchi moja. Lakini sasa hauniulizi pumzi. Unaniuliza kama nimetafuta pango chini yake.

Mto nao ulikuwa kizuizi, sasa ni karakana. Kuna Ultrahand, mkono wa kuinua vitu na kuvigandisha pamoja: magogo matatu, feni moja nyuma, usukani ukiupata, na una mashua. Mashua yangu ya kwanza ilizunguka mahali pamoja kama kuku aliyekatwa kichwa kwa sababu niliweka feni kando badala ya katikati. Nilicheka peke yangu saa nane usiku. Breath of the Wild haikuwahi kunichekesha hivyo, na nimeicheza mara mbili hadi mwisho.

Fikiria Mombasa Road. Tangu Expressway ifunguliwe mwaka 2022, barabara ya chini iko palepale, na msongamano upo palepale, lakini huwezi kumwambia mtu wa Mlolongo kwamba hakuna kilichobadilika. Kuna njia ya juu sasa, na hiyo njia ya juu imebadilisha maana ya kuwa chini. (Tena unailipia. Sitasema zaidi.) Hyrule nayo imepata visiwa angani, na chini ya ardhi imepata ulimwengu wa giza, Depths, mpana sawa na ule wa juu. Huu wa chini ndio ulionifanya nivue kofia. Umechorwa kama kivuli cha juu kilichogeuzwa. Palipo mlima juu, chini ni bonde. Palipo mto juu, chini ni ukuta. Zile mizizi mikubwa inayowasha taa gizani zimekaa chini kabisa ya mahekalu ya juu, na majina yake ni majina ya mahekalu hayo yakisomwa kinyumenyume. Nilipogundua hilo nilianza kutumia ramani ya juu kutafuta taa za chini, na ramani ya chini kutafuta mahekalu niliyoyakosa juu. Ramani kuukuu imekuwa kamusi ya lugha mpya. Sioni jinsi ungeyafanya haya bila kurudia ardhi ileile. Ingekuwa nchi mpya, kivuli chake kisingekuwa na maana.

Lakini hadithi, aisee. Hapa wanaoshtaki wameshinda kesi na sijui kwa nini mashabiki hawakubali tu. Gemu ya kwanza ilijengwa juu ya mitambo ya kale ya kabila la Sheikah: minara, mahekalu, wale wanyama wakubwa wa chuma wanne. Katika sehemu ya pili karibu vyote vimetoweka na karibu hakuna anayeuliza vimeenda wapi. Ni kama Nairobi iamke bila matatu na kila mtu aendelee na chai. Bolson, fundi aliyemsaidia Link kupata nyumba, sasa anamsalimu kama mgeni. Na kuna zile video nne. Unamaliza hekalu kubwa la kwanza, mzee wa zamani anatokea, anakusimulia vita vya Mfalme wa Mapepo na mawe ya siri. Unamaliza la pili, mzee mwingine, vita vilevile. La tatu. La nne. Kila mara mshangao ni uleule, kana kwamba waandishi waliogopa kwamba hukuwa darasani jana. Hata DLC ya kawaida huwa inakumbuka gemu iliyobandikwa. Hii imesahau kwa makusudi, ili mgeni aliyeruka sehemu ya kwanza asipotee, na gharama ya ukarimu huo tumeilipa sisi wenyeji.

Na isisemwe kwamba haiwezekani. Nintendo walishafanya. Ocarina of Time ilitoka 1998. Aonuma alikuwa ameombwa aipange upya, hakutaka, Shigeru Miyamoto akamwambia basi tengeneza gemu mpya ndani ya mwaka mmoja au hivi. Wakachukua sura zilezile za watu wa Ocarina, wakawavalisha maisha mengine, mwezi wenye uso ukining'inia juu yao ukitaka kuanguka baada ya siku tatu. Hiyo ni Majora's Mask, mwaka 2000. Unamkuta mtu unayemjua sura, hakujui, na hilo linakutia baridi kwa sababu gemu inajua kwamba unajua. Bolson akinisahau nahisi tu kwamba kuna faili fulani haikusomwa.

Nikuambie DLC halisi inayouzwa kama gemu nzima ni ipi. Nilikokulia, gemu maana yake ni FIFA, shilingi 20 kwa mechi, benchi la mbao, padi moja ina kitufe kinachokwama na hiyo hupewa mgeni. Kila mwaka mwenye duka ananunua diski mpya, si kwa kupenda. Mteja akiona Mbappé bado amevaa jezi ya PSG anavuka barabara kwenda kwa jirani. Kwenye Switch kampuni ya EA hata haikujisumbua kuficha: FIFA 20 iliitwa Legacy Edition, na wenyewe walieleza kwamba ni jezi na vikosi vipya bila njia mpya za kucheza. Wakarudia hivyo hadi FIFA 23. Hiyo ni nganya iliyopakwa rangi upya, injini ileile, nauli imepanda. Kipimo changu ni rahisi. Mtoto aliyezoea ya mwaka jana akishika padi, baada ya dakika ngapi atasema "sijui nifanye nini hapa"? Kwa FIFA hatasema. Kwa Tears of the Kingdom mimi nilisema ndani ya saa ya kwanza, na Hyrule naijua kuliko Ngara.

Kuna jambo lingine ambalo wakaguzi wa Marekani na Ulaya hawaligusi, labda kwa sababu haliwagusi. Kadi ya gemu inauzika. Mimi mapato yangu ni ya kuandika vitu vya watu mtandaoni, nililipwa kwa neno tangu nilipoacha chuo, na gemu zangu zote zimepitia mikononi mwa mtu mwingine kabla yangu au zitapitia baada. Breath of the Wild niliinunua imetumika, nikaiuza. Nyongeza yake, ile ya dola 20, haikuuzika. Imefungwa kwenye akaunti yangu, haina kadi, na bila gemu yenyewe haichezeki. Ipo pale kama risiti. Kwa hiyo mtu anaponiambia "wangeitoa tu kama DLC kwa bei nafuu," namwuliza, nafuu kwa nani? Sehemu ya pili iliyo kwenye kadi, hata ya dola 70, ilinifikia miezi kadhaa baadaye kwa bei ya chini sana kutoka kwa kijana aliyekuwa anahitaji karo. DLC isingenifikia kamwe isipokuwa kwa bei ya kampuni.

Hii pia ndiyo sababu neno hilo linanikera kikazi. Mteja mmoja aliwahi kunirudishia makala akitaka "nyongeza kidogo." Niliandika upya karibu yote, vichwa tu ndivyo vilibaki. Alilipa bei ya kuhariri kwa sababu vichwa ni vilevile.

Tears of the Kingdom yenyewe haikupata DLC. Mwaka huohuo wa 2023 Aonuma alisema hawana mpango nayo, kwamba walikuwa wamemaliza walichotaka kufanya katika ulimwengu ule. Nilimwamini. Kisha Switch 2 ikaja Juni 2025 na gemu zote mbili zikawekewa bei tena: dola 10 kila moja kwa mwenye nakala ya zamani, picha iwe safi na mwendo uwe laini. Anayenunua Breath of the Wild hiyo upya, nzima, bado hapewi ile nyongeza ya 2017. Inauzwa kando.